Mji Ulioamriwa Kupokea Wapangaji

New Jersey, Marekani



Mount Laurel ulikuwa mji wa mashamba jirani na Philadelphia. Katika miaka ya 1960 watu wa kipato cha kati wakaanza kuhamia huko, na halmashauri ikapanga ardhi yake kwa hesabu kali: viwanja vikubwa, fleti chache, vyumba vya kulala vichache ili watoto wasizidi. Shule za New Jersey hutegemea sana kodi ya majengo, kwa hiyo mtoto wa mpangaji maskini alionekana hasara tupu.

Ethel Lawrence, mama Mweusi ambaye ukoo wake uliishi hapo vizazi kadhaa, aliungana na wenzake kuomba kibali cha fleti 36. Wakanyimwa. Wakaenda mahakamani.

Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba kila mji unaokua lazima ubebe fungu lake la makazi ya watu wa kipato cha chini. Miji ikaisoma hukumu na kuitia kabatini. Mount Laurel wenyewe ulitenga ekari 20 tu. Basi mwaka 1983 majaji wakaja na dawa kali zaidi: mwendelezaji wa nyumba akiushtaki mji mkaidi na kushinda, mahakama inaweza kumruhusu kujenga, mradi sehemu ya nyumba hizo iwe ya bei nafuu. Hapo miji ilishtuka kwelikweli. Mpangaji huchoka na kesi. Mwenye mtaji ana mawakili wa kuiendesha hadi mwisho.

Wanasiasa nao hawakukosa ujanja. Sheria ya 1985 iliuruhusu mji wenye uwezo kuulipa mji mwingine uuchukulie hadi nusu ya wajibu wake. Fedha zikavuka mipaka, maskini wakabaki kulekule. Mwanya huo ulizibwa mwaka 2008. Sheria mpya ya 2024 imeupa kila mji idadi yake kwa miaka kumi kuanzia 2025, na unaotii hukingwa dhidi ya kesi za waendelezaji.

Lawrence alifariki mwaka 1994, kabla ya nyumba zilizopewa jina lake kufunguliwa. Douglas Massey wa Princeton na wenzake walizichunguza baadaye: uhalifu haukupanda, na thamani ya nyumba za majirani haikushuka.

Sasa Kenya. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 hukatwa kwa kila mwenye mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Ugomvi wote umekuwa juu ya fedha hizo na nani atapewa funguo. Huko Karen, mtaa wa matajiri wa Nairobi, kwa miaka mingi kiwanja kimewekewa kima cha chini cha nusu ekari, mtindo uleule wa Mount Laurel, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 haikuligusa jambo hilo. Serikali inajenga Mukuru, mtaa wa mabanda. Karen haijaulizwa itapokea fleti ngapi.