Maandalizi ya Krismasi Yaanze Mapema

KILA mwaka inapoingia wiki ya tatu ya Desemba, hali katika nyumba nyingi za watumishi wa Serikali na walimu huwa ni ile ile. Baba anazunguka mjini akitafuta tiketi za basi. Mama yuko kwa fundi cherehani akidai nguo zilizoahidiwa tangu juzi. Watoto wamekaa barazani wakisikiliza maneno makali ambayo mwezi mmoja nyuma hayakuwapo. Sikukuu ambayo Wakristo huiita ya amani inaingia nyumbani kwa ugomvi.

Hapana budi isemwe wazi kwamba mahangaiko hayo hayaletwi na Krismasi. Tarehe 25 Desemba haijapata kuhama. Kanisa lenyewe limeweka Jumapili nne za Majilio ili waumini wajitayarishe, na Waislamu wa mwambao, ambao wanaijua vizuri maana ya kujiandaa, huanza kununua tende, tambi na sukari katika mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaandama. Kinachomfadhaisha mfanyakazi ni ile desturi ya kungoja mshahara wa Desemba ubebe kila kitu.

Mshahara huo yafaa utazamwe kwa makini. Mara nyingi hulipwa kabla ya sikukuu ili watumishi wapate kusherehekea pamoja na jamaa zao, na hilo ni jambo jema. Lakini fedha haziongezeki kwa kuwahi kulipwa. Mtumishi aliyepokea tarehe 20 Desemba, na ambaye mshahara wake wa Januari utatoka tarehe 24, ana siku 35 mbele yake, yaani wiki tano kamili, za kuishi kwa fedha za mwezi mmoja. Katika wiki hizo tano mna nauli ya kwenda na kurudi, mna nyama na mchele, mna nguo za watoto na zawadi za wazee, na kwa aliyepanga mna kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi huidai ya miezi kadhaa kwa mpigo. Kisha inafuata Januari yenyewe na shule zake.

Wapo wanaodhani kwamba Januari imekuwa mwezi mwepesi kwa kuwa ada ilifutwa katika shule za Serikali, kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Walimu wanajua kwamba sivyo. Mtoto anayeanza kidato cha kwanza huhitaji sare, viatu, madaftari na mkoba; na akipangiwa shule ya bweni huongezewa godoro, shuka, ndoo na orodha ndefu iliyoandikwa katika fomu ya kujiunga. Kila mwaka wapo watoto wanaofika shuleni wiki mbili au tatu baada ya wenzao kuanza masomo, na si wote ni watoto wa wasio na kipato. Mwalimu anayempokea mtoto huyo mchelewaji pengine anaye wake nyumbani ambaye naye bado anangoja viatu.

Hapo ndipo mkopeshaji anapobisha hodi. Mikopo hiyo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikukosewa. Mtumishi huombwa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, naye huzitoa ili watoto wale pilau siku moja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini hakuna sheria inayoweza kumlinda sawasawa mtu aliyekwisha kumkabidhi mwingine mshahara wake kwa mkono wake mwenyewe. Pilau huliwa mchana mmoja. Deni hukaa hadi Pasaka, na katika nyumba nyingine hukutwa na Krismasi inayofuata.

Wafanyakazi watajibu kwamba mshahara ni mdogo, hivyo hakuna cha kupanga. Hoja hiyo ni ya kweli na haistahili kubezwa. Lakini mwenye fedha chache ndiye anayeumizwa zaidi na bei za Desemba. Mpunga wa Kyela na Usangu huvunwa katikati ya mwaka, na wakati huo ndipo mchele unapouzwa kwa bei nafuu. Kadiri mwaka unavyokwenda ndivyo bei inavyopanda, na ikikaribia sikukuu walanguzi nao huongeza lao. Familia inayoweka akiba ya debe moja la mchele mwezi Agosti, na maharage katika mfuko usiopitisha hewa ili yasitobolewe na wadudu, imekwisha kupunguza mzigo wa Desemba bila kuongezewa hata senti moja.

Walimu wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipoadimika madukani. Zama hizo mama wa nyumbani alikuwa akificha kilo moja ya sukari mvunguni tangu Septemba, kwa sababu hakujua kama Desemba ataipata. Ilikuwa ni shida iliyowafundisha watu, wala hakuna mwenye kuitamani irudi. Leo maduka yamejaa hadi usiku wa mkesha, na kujaa huko ndiko kunakowadanganya watu kwamba kila kitu kinaweza kungoja.

Juu ya safari, wenye asili ya Kilimanjaro wangeweza kuwa walimu wa wengine, maana hakuna asiyejua kwamba Desemba watarudi kwao. Hata hivyo wengi wao huonekana kituoni Mbezi siku mbili kabla ya sikukuu, wakilipa nauli isiyo halali kwa wapiga debe. LATRA ina wajibu wa kuwabana wenye mabasi wanaovunja sheria, na haipaswi kungoja kelele za magazeti. Lakini abiria aliyekata tiketi yake Novemba hana haja ya mpiga debe.

Liko pia jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Mzigo mkubwa wa sikukuu humwangukia mama, ambaye naye pengine ni mwalimu au karani na amechoka kama mumewe. Yeye hupika, hufua, hupokea wageni, na hulaumiwa chumvi ikizidi. Baba na mama wakikaa mezani mwezi Septemba, wakaandika kila kitakachohitajika na nani atakifanya, na wakawaambia watoto mapema kwamba mwaka huu viatu ni vya shule na nguo ni moja, machozi ya Desemba yatapungua. Vivyo hivyo kwa ndugu walioko kijijini. Ndugu watatu kuchinja mbuzi watatu katika boma moja, kila mmoja akiogopa kuonekana ameshindwa, ni mashindano tu, na mzee mwenye boma angefurahi zaidi kuletewa bati za kuezekea jiko.

Mahali pa kazi nako pana la kufanya. Vyama vya akiba na mikopo vinaweza kufungua akiba ya mwisho wa mwaka inayokatwa kidogo kidogo tangu Februari. Vikundi vya vikoba, ambavyo vingi hugawana fedha zao Desemba, vingeweza kukubaliana kugawana Oktoba, fedha zikakutana na bei za kawaida. Fundi cherehani aliyepelekewa kitambaa cha sare mwezi huo hana foleni mlangoni. Humpima mtoto kwa utulivu, huacha pindo la kutosha kwa sababu ifikapo Januari mtoto atakuwa amerefuka, na bei yake ni ile ile ya siku zote.