Kiziwi Naye Apewe Nafasi Uwanjani

Wasomaji wenzangu, timu zikichaguliwa hapa shuleni, mwenye taabu ya masikio hupewa kazi gani? Kubeba chupa za maji! Ati hatasikia kipenga. Mimi sikubaliani na jambo hili hata kidogo.

Mtazameni Lance Cairns, mcheza kriketi wa New Zealand aliyezaliwa mwaka wa 1949. Tangu ujanani masikio yake yalikuwa mazito, na kriketi, jamani, ni mchezo wa kuitana. Wapigaji wawili husimama wakitazamana, mmoja akiita "njoo!" mwingine hutimua mbio. Usiposikia, unatolewa. Hata hivyo Cairns aliichezea nchi yake mechi 43 zile za siku tano, akaangusha wiketi 130.

Mnamo Februari 1983, pale Melbourne, alipiga mipira sita ikapaa hadi nje ya mpaka bila kugusa chini, akapata mikimbio 52 kwa mipira 25 tu. Siku hiyo Australia waliwashinda, sawa. Lakini miezi michache baadaye, huko Leeds, aliangusha wiketi 10, nayo New Zealand ikaishinda Uingereza kwao kwa mara ya kwanza katika mechi za siku tano.

Je, angeachiwa chupa za maji, wiketi hizo angeziangusha nani? Asiyesikia mwito ataona mkono ukipungwa. Kwa hivyo nawaomba walimu wa michezo na manahodha: muhula ujao waiteni wenzetu hawa wajaribiwe uwanjani kwanza, halafu ndipo mseme hawawezi.