Barq's, "Bia" ya Mizizi na Meza ya Harusi



Ndugu zetu wa Marekani wakija likizo huleta makopo ya "root beer", na mabibi harusi huuliza: hii inafaa kwenye walima? Mimi si mufti, ila nina maoni yangu.

Tuanze na Barq's. Edward Barq aliianza mwaka 1898 huko Biloxi, Mississippi, mji wa pwani unaosifika kwa kamba na chaza. Ikapendwa hadi New Orleans, na kwa miongo mingi ikabaki fahari ya watu wa kusini, mpaka Coca-Cola ikainunua mwaka 1995. Wanaoipenda husifu ukali wake: gesi nyingi, sukari isiyozidi, na kafeini, ambayo root beer nyingi hazina. Wasioizoea husema inanuka dawa ya kuchua!

Je, ina pombe? Root beer ya nyumbani ilichemshwa kwa mizizi, ikatiwa sukari na hamira, ikaachwa iumuke. Hapo pombe kidogo hupatikana. Soda ya kiwandani hutiwa gesi tu, bila kuumuliwa.

Basi tatizo ni jina. Charles Hires, mfamasia wa Philadelphia, aliitangaza yake kwenye maonyesho ya mwaka 1876. Inasimuliwa kwamba alitaka kuiita chai ya mizizi, akashauriwa aiite bia ili wachimba makaa wainunue. Mwenyewe alikuwa adui wa ulevi! Mwaka 1895 chama cha wanawake Wakristo wanaopinga pombe kikaisusia kwa sababu ya neno hilo, hadi vipimo vilipoonyesha haina cha kulevya. Na Malaysia, mikahawa ya A&W siku hizi huiandika "RB" tu, kwani bidhaa ya halali hairuhusiwi kubeba jina la pombe.

Wapo watakaosema tunakuza mambo, jina halilevyi. Kweli halilevyi. Lakini harusini kuna bibi wa miaka themanini asiyejua "root" ni nini, ila "beer" anaisoma. Kuna watoto watakaozoea kusema "nipe bia" wakicheka. Na kuna picha, zitakazofika mbali kuliko maelezo yako. Heshima ya bibi harusi haifai kutegemea kumweleza kila mgeni kilichomo koponi.

Barq's wenyewe wametuonyesha njia. Kwa miaka mingi chupa zao ziliandikwa Barq's tu, kwa kuwa kampuni ya Hires ilidai jina la root beer ni lake, na watu walinunua vilevile.

Kwa hiyo shoga yangu, ukiitaka, inywe nyumbani baada ya kusoma viambato. Mezani weka ukwaju, ubuyu na tangawizi ya baridi. Nayo tangawizi ni mizizi, tena haina haja ya kujitetea.

Nanyi mnaonaje?