Mnaniambia Hatuna Albamu?

Desemba iliyopita rafiki yangu mmoja alikuja kutoka Dar es Salaam kula sikukuu na wazazi wake hapa Msamala. Tumekua pamoja, tumesoma pamoja na tumechapwa pamoja. Safari hii hakuja na zawadi, alikuja na orodha. Kurasa nne, zimepigwa chapa vizuri: albamu mia moja bora za wakati wote duniani. Tukakaa kwenye benchi nje ya duka, mvua ikiwa imetuachia nafasi kidogo, nikaisoma kuanzia ya kwanza mpaka ya mia. Wamarekani wamejaa tele. Waingereza wamekaa mbele kama wageni rasmi. Wajamaika wamepewa viti viwili vitatu. Nilipofika mwisho nikageuza karatasi ya nyuma, labda kuna zilizobaki. Hakuna kitu.

"Sasa mbona Bongo hatumo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Tutakuwemo na nini, mshikaji? Sisi hatuna albamu. Sisi tuna vibao tu."

Nilinyamaza, maana soda alikuwa amelipa yeye. Lakini neno lile limenikaa kooni mpaka leo, na kwa kuwa jarida hili limenipa nafasi, nalitema hapa mbele ya mashahidi.

Nianze kwa kumpa haki yake. Ni kweli kwamba bendi zetu kubwa hazikutengeneza albamu kama zile za kwenye orodha yake. NUTA Jazz, Safari Trippers, Vijana Jazz, Mlimani Park, wote hao walikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, wakaingia studio na vyombo vyao, wakapiga nyimbo kadhaa kwa mkupuo mmoja, wakatoka. Kanda ikabaki redioni, wimbo ukaja kwetu hewani. Aliyetaka santuri kwa kawaida alifunga safari ya Nairobi. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe, mtu aliyekwenda mpaka Japan kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, zile santuri zake za Ukumbusho zilitolewa Kenya wakati yeye amekwisha kufa kwenye ajali ya gari, Januari 1979. Kwa hiyo ukimuuliza kijana "albamu gani ya Marijani Rajab unaizimia", atakutajia Zuwena, atakutajia Georgina, albamu hatakutajia. Hapo rafiki yangu ana hoja.

Ila hoja yake ina mguu wa pili, na huo ndio mbovu. Anasema albamu ni wazo moja, limepangwa lina mwanzo na mwisho, na kibao ni kibao tu. Haya, twende na hiyo Thriller ya Michael Jackson, ya mwaka 1982, ambayo kwenye orodha yake iko juu kabisa. Ina nyimbo tisa. Katika hizo tisa, saba zilitolewa mojamoja kama vibao! Wazo moja liko wapi hapo? Mimi Thriller naipenda, sikatai, ukinipigia Billie Jean hata nikiwa msibani mguu utatikisika. Lakini ni vibao vimewekwa kwenye jalada moja. Jalada ndilo tulilokosa, na jalada ni karatasi.

Au chukua Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959. Hiyo nimeisikiliza mara nyingi kwenye simu, usiku umeme umekatika. Mara ya kwanza nilidhani wanajaribu vyombo. Mara ya tatu nikaanza kumwelewa mpiga tarumbeta, na sasa nakiri ni kazi ya watu wazima. Wanaoisifu wanasema ajabu yake ni kwamba ilirekodiwa kwa siku mbili tu, wanamuziki wakaingia bila kujiandaa sana, wakapiga kwa pamoja, wakasikilizana. Sasa jamani! Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wetu pale RTD mwaka hadi mwaka, mwimbaji na gitaa la solo na besi na saksafoni wote chumba kimoja, ukikosea tunarudia wote. Miles akifanya hivyo ni kipaji, Sikinde wakifanya hivyo ni "rekodi za redio". Sikilizeni Neema ya Cosmas Chidumule, halafu mniambie mnasikia nini kilichopungua.

Tena orodha yenyewe haitusahau sisi peke yetu, inasahau hata vile tulivyovisikiliza. Jim Reeves hayumo. Waulizeni wazee wa Songea na Peramiho, wale wenye redio za mbao, Jim Reeves ni nani. Mtu alikufa 1964 lakini sauti yake imeendelea kunywa chai kwenye nyumba zetu. Lucky Dube hayumo, na hakuna kijana wa stendi ambaye hakuijua Prisoner ya 1989, hata asiyejua neno moja la Kiingereza. Alipouawa Johannesburg Oktoba 2007 kuna kinyozi hapa alifunga kazi siku nzima. Bob Marley yumo, na Exodus yake ya 1977. Sawa. Lakini mimi ningeitoa Exodus, ambayo nusu ya pili imejaa mapenzi, niweke Survival ya 1979 yenye bendera za Afrika kwenye jalada na wimbo wa Zimbabwe ndani. Sisi tunaokaa karibu na mto Ruvuma, ng'ambo kukiwa Msumbiji, tuliopokea wakimbizi wa vita ile, tunajua Survival inasema nini kuliko mtu wa London anayepanga orodha. Bahati mbaya anayeulizwa ni yeye.

Halafu kuna albamu zetu hasa, zenye jalada na kila kitu, na wala hatukosi. Remmy Ongala na Super Matimila walikwenda Uingereza wakatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989. Kazi nzuri, Kipenda Roho ikianza nafsi inatulia. Ila nitasema ninaloliona: imesafishwa mno. Remmy wa ukumbini alikuwa na jasho, wimbo ulikuwa hauishi mpaka watu wamechoka. Kule wamemnawisha uso. Na Mambo ya 1992 ndiyo wameiharibu zaidi kwa kumwimbisha Kiingereza, kama vile maskini aliyekuwa akimwimbia amehama nchi. Hukwe Zawose alitoa Chibite mwaka 1996 kwa lebo hiyohiyo, ilimba na zeze na sauti za Kigogo zinazokupandisha nywele. Kwa aibu niliyonayo nawaambia: mara ya kwanza kuisikia niliisikia kwenye simu ya mzungu mmoja wa kujitolea, hapahapa Songea. Ndiye aliyenieleza Wagogo wanaimbaje! Bi Kidude ana Zanzibar ya 1998. Na Profesa Jay ana Machozi, Jasho na Damu ya 2001, ambayo mimi naiweka juu ya albamu zote za rapu nilizowahi kusikia, za Wamarekani zikiwemo. Ukoo wake ni Haule, jina ambalo ukiliita Soko Kuu la Songea watageuka watu watano. Ndiyo Mzee ni mkutano mzima wa kampeni ndani ya wimbo mmoja. (Mwenyewe akaja kuwa mbunge wa Mikumi, 2015 mpaka 2020, lakini hayo tuyaache.)

Wazee nao wasifurahi sana kusoma mpaka hapa. Mtu mzima akikaa kwenye komoni anasema muziki uliisha na Mbaraka, hawa watoto wanapiga kelele. Mzee wangu, shikamoo, lakini mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ikasemwa unapotosha vijana. Vijana wenyewe walikuwa ninyi! Anayepiga marufuku na anayepanga orodha ni mtu na binamu yake. Wote wanataka kukuamulia sikio.

Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo ninapoumwa.

Mjomba wangu alikuwa na redio kaseti, betri nne kubwa, zikiisha nguvu tulizianika juani juu ya bati. Hakuwa mwanamuziki, lakini alikuwa mpangaji. Alichukua kanda tupu ya dakika sitini akakaa na redio usiku, kidole juu ya kitufe, akikamata nyimbo. Akishapata anazipanga: Msondo, kisha Franco, kisha kwaya, kisha Sikinde, na anajua kwa nini kwaya imekaa pale. Mario ya Franco, ile ndefu ya 1985, ilikatikia upande A, kwa hiyo sisi watoto tulimalizia wenyewe kwa mdomo huku kanda inageuzwa. Mpaka leo nikiisikia nzima naona kama kuna mtu ameongeza. Mnaniambia ile haikuwa albamu? Ilikuwa na mpangilio, ilikuwa na jina, aliandika kwa kalamu nyekundu. Nchi nzima ilijaa albamu za namna hiyo, kila nyumba na yake, na hazikufanana mbili.

Kanda mojawapo haikuwa ya redio. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa ziwani, upande wa Mbamba Bay. Mwaka 1988 kwenye harusi ya mama mdogo mjomba aliweka redio juu ya kinu akarekodi wanawake wakiimba kioda, bibi akiongoza. Upande A wote na B wote. Nakumbuka kila kitu cha kanda ile. Mwanzo kuna jogoo. Bibi anaanza, anakosea, anacheka, anaanza tena. Katikati anamfokea mtoto aondoke karibu na redio, bila kutoka kwenye wimbo, anaufoka kwa sauti ileile. Mwishoni wanawake wamechoka, sauti zimekuwa nzito, na kuna mmoja anaendelea peke yake wenzake wamenyamaza. Hapo kanda inaisha. Rafiki yangu anatafuta wazo moja lenye mwanzo na mwisho. Si lile?

Mjomba alivunja vile vijino viwili vya plastiki vya juu ili kanda isirekodiwe tena. Mwaka 2004 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Jirani wa Mfaranyaki alikuwa na redio ya kaseti mbili na alikuwa na Get Rich or Die Tryin' ya 50 Cent, iliyotoka mwaka mmoja kabla. Wavulana wote walikuwa nayo isipokuwa mimi. Kanda tupu ilikuwa pesa, na pesa sikuwa nayo. Nikaziba vile vitundu kwa plasta, ndugu zangu. Nikairekodia.

Bibi hakujua. Wiki ya Pasaka alikuja kukaa nasi, jioni akasema nimwekee ile ya harusi. Nikasema haionekani. Akaingiza mkono mwenyewe kwenye sanduku, akaitambua kwa wino mwekundu, akanipa. Nikaiweka, ningefanyaje. 50 Cent akaanza kunguruma sebuleni. Bibi hakusema neno. Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja, akauliza, "Huyu naye anasema nini, mjukuu wangu?" Sikuweza kumjibu, kwa aibu na kwa sababu kweli nilikuwa sijui anasema nini. Alifariki mwaka 2011, na hakunitajia kanda ile tena.

50 Cent yumo kwenye ile orodha ya mia. Namba nimeisahau.

Ndiyo maana siwezi kumwachia rafiki yangu acheke. Anasema hatuna, na mimi najua tulikuwa nayo, kwa sababu niliifuta kwa mkono wangu. Najua pia siko peke yangu. Kanda za RTD ziko Dar es Salaam chini ya Shirika la Utangazaji, na kanda ya sumaku haingoji mtu, inakula unyevu na vumbi mwaka hadi mwaka. Nyingine ziko kwenye masanduku ya bati Lizaboni, Bombambili, Mbinga, kila mahali palipokuwa na mjomba mwenye kalamu. Vijana wenzangu mnaoandika, badala ya kunakili orodha za watu, ingieni kwenye masanduku hayo, andikeni kilichomo, nani anaimba, nani anakohoa. Mkipata mashine ya kuhamishia kwenye simu, hamisheni hata kama sauti inakwaruza.

Na jambo moja la kwangu binafsi. Mjomba anasema ile ya harusi aliitolea nakala, akampa mmoja wa wanawake walioimba, akarudi nayo ziwani. Ni TDK ya dakika sitini, maandishi ya wino mwekundu, na ikianza inaanza na jogoo. Aliye nayo asiirekodie kitu. Aandike kwa mhariri wa jarida hili, nauli ya kuifuata nitatafuta.