Mtumbwi wa Ziwa Victoria na gharama ya kuku Oldonyo Sambu

Mfugaji wa kuku wa mayai Oldonyo Sambu, kwenye mteremko wa Mlima Meru kando ya barabara ya Arusha–Namanga, yuko mbali mno na ziwa kuwaza habari za tanga na kasia. Hata hivyo, kila anapofungua gunia la dagaa achanganye chakula cha kuku, analipia mtumbwi wa mbao uliowavua dagaa hao usiku huko Ukerewe au Musoma.

Hesabu yake ni rahisi. Kuku 100 wa mayai hula karibu kilo 12 kwa siku, yaani kilo 84 kwa wiki. Kwa anayeweka kilo 10 za dagaa katika kila kilo 100 za mchanganyiko, dagaa wakipanda kwa Sh1,000 kwa kilo, gharama huongezeka Sh8,400 kila wiki. Bei ya trei ya mayai haipandi kwa sababu hiyo.

Wengi humlaumu mchuuzi wa mnadani. Mchuuzi ana lake, lakini sababu kubwa iko kwenye chombo chenyewe.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na betri zimeenea. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi mingi hukaa ufukweni siku kama kumi. Mzigo unaofika soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza hupungua, na siku chache baadaye upungufu huo unaonekana Arusha, malori yakishapita Shinyanga, Singida na Babati. Mvua nazo zina nafasi yake. Dagaa hukaushwa juani, na wanaoanikwa mchangani au kunyeshewa hushuka daraja, wakaishia kwenye chakula cha mifugo. Ndiyo maana mfugaji huuziwa mchanga kwa bei ya samaki.

Mtumbwi unaotumika sana ni ule wa mbao zilizopigiliwa misumari juu ya mkuku, aina iliyotokana na mitumbwi ya visiwa vya Ssese, Uganda. Tanga la pembe tatu lilipanda kutoka pwani. Miaka ya 1870 mfanyabiashara Songoro alikuwa tayari na jahazi lake Ukerewe. Nyufa za mbao huzibwa kwa pamba, kazi ambayo mafundi wa pwani huiita kalafati, na isiporudiwa mara kwa mara wavuvi hukesha wakikumba maji badala ya kuvuta wavu. Mbao nzuri kama mvule zimekuwa adimu. Mwenye mtumbwi akinunua mbao kwa bei ghali, fedha hiyo lazima irudi kupitia dagaa.

Wapo wanaodhani tanga na kasia ni mambo ya zamani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kuwa dunia ilikuwa na vyombo vya uvuvi milioni 4.9 mwaka 2022, na theluthi moja hivi havikuwa na injini. Tanga halinunui petroli. Mwaka 2022 petroli ilipovuka Sh3,000 kwa lita nchini, wenye injini ndio walioumia, kwa kuwa kawaida mafuta hukatwa kwanza kwenye mauzo ndipo mwenye chombo na wavuvi wagawane kinachobaki. Lakini tanga hungoja upepo, na kasia haifiki mbali. Maji ya karibu yakichoka, mwenye kasia hurudi na ndoo chache, na huo nao ni ughali.

Januari 2024 serikali iligawa Mwanza boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba. Boti hizo zinaweza kuongeza mzigo sokoni. Vizimba ni habari nyingine: sato wa vizimba nao hulishwa protini, na wakiongezeka, mfugaji wa kuku atakuwa amepata mshindani mpya, mbali na viwanda vya chakula cha mifugo vya Kenya ambavyo siku nyingi vinanunua dagaa wa Tanzania. Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane. Hatua kama hizo zina faida baadaye, ila muuza dagaa anayesubiri tangazo ndipo anunue huwa amechelewa.

Kwa mfugaji mdogo wa Oldonyo Sambu, lililo mikononi mwake ni wakati wa kununua. Mwezi ukiwa gizani wavuvi wako kazini, na hapo ndipo wafugaji watatu au wanne wanaweza kuchanga wakaagiza magunia ya kutosha hadi mwezi mpevu upite. Kabla ya kulipa, konzi moja itumbukizwe kwenye ndoo ya maji na kukorogwa. Mchanga utatua chini, na kiasi chake ndicho cha kujadili na muuzaji. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu. Mashudu ya alizeti na soya iliyokaangwa vinaweza kupunguza kiasi cha dagaa, mradi mchanganyiko upimwe na ofisa mifugo, kwani kuku wakikosa protini hupunguza mayai.