Wacheni kugonga shoki za boda na nyundo

Nitaisema vile ilivyo: ile kazi inaitwa "kunyoosha" kwa stage nyingi kati ya Embu na Meru si ufundi. Ni kuficha. Boda imeanguka kidogo tu, imeteleza kwa matope ama imeguswa na gari likirudi nyuma, usukani sasa unaangalia Chuka na gurudumu linaangalia Runyenjes. Fundi anafinya gurudumu kwa nguzo ya stima, anavuta usukani kwa nguvu zake zote, anafunga jicho moja, anapima na lile lingine, anasema "iko sawa, enda kazi." Dakika kumi. Nimeiona hiyo mara nyingi mpaka nimewacha kuhesabu. Na jioni hiyo hiyo kuna mama na mtoto mgongoni wanabebwa nayo.

Kinachoniudhi ni kwamba kuna magonjwa mawili tofauti hapo na wote wanapewa dawa moja.

Ugonjwa wa kwanza ni rahisi. Shoki za mbele zimeshikwa kwa boliti na ile T iliyo chini ya usukani. Ukianguka polepole, mara nyingi hakuna chuma kimepinda popote. Shoki zimejizungusha tu ndani ya T. Sasa nguvu zote hizo ni za nini? Legeza ekseli, boliti za madigadi na zile boliti za chini za T. Simama mbele, shika gurudumu na magoti, rudisha usukani polepole. Halafu finya breki ya mbele, bonyeza shoki juu chini mara kadhaa zijipange zenyewe, ndio ukaze. Ukivuta bila kulegeza, itakaa vizuri mpaka ugonge shimo la kwanza, na mashimo tunayo.

Lakini kama bomba lenyewe la shoki limepinda, hiyo ni stori nyingine kabisa. Chuma kikishapinda kikakaa hivyo, pale kilipopinda pamechoka. Ukikirudisha kwa nyundo, pamechoka mara mbili. Ukiongeza moto wa gesi ndio umemaliza: chuma kinalainika, kromu inabambuka, ile iliyobambuka inakata sili, oili inavuja. Unabadilisha sili, inavuja tena, unaambiwa ulinunua feki. Sili haina makosa, buda. Bomba lililopinda linabadilishwa. Na linauzwa peke yake, si lazima ununue shoki nzima.

Utajuaje ni gani? Kupima ni bure, na hapa ndipo sina huruma na mtu. Weka pikipiki kwa stendi kubwa, mtu akalie nyuma mpaka gurudumu la mbele liinuke. Zungusha usukani polepole kushoto na kulia. Ikinasa katikati kama imeingia kashimo, goroli za shingo zimeacha alama kwa koni. Hiyo haikazwi, inabadilishwa. Shika shoki kule chini, sukuma mbele na nyuma: ikilia ko, shingo imelegea. Zungusha gurudumu ukiwa umeshikilia kijiti karibu na rimu, utaona kama rimu inacheza. Gonga spoki moja moja. Iliyolegea inatoa sauti nzito, haifanani na wenzake. Kisha angalia chini ya tangi, pale fremu inashikana na shingo. Rangi ikiwa imepasuka ama kukunjana hapo, simamisha kila kitu, shida yako si shoki tena.

Kuna fundi mmoja Makutano, Meru, anapima na kipande cha kioo cha dirisha lililovunjika. Anakilaza juu ya mabomba yote mawili. Kikicheza kama meza ya hoteli yenye mguu mfupi, shoki bado hazijajipanga. Akitoa bomba, analibingirisha juu ya kioo hicho hicho na lililopinda linajisema lenyewe. Hiyo ndiyo mashine yake yote. Kwa hivyo mtu asiniambie jua kali haina vifaa.

Na barabara yetu haisamehe. Kutoka Embu kwenda Meru ni kuteremka mtoni, kupanda, kuteremka tena, mpaka Nkubu. Nithi kila mtu anaijua: tarehe 24 Julai 2022 basi lilitoka barabarani pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi basi na boda ni kitu kimoja. Nasema huo ndio mteremko tunaopeleka pikipiki iliyonyooshwa kwa nguzo. Kwa tambarare ya tauni, boda inayovuta upande unaizoea, unaegemea upande wa pili na maisha yanaendelea. Kwa mteremko, umebeba abiria ama magunia ya miraa, ukifinya breki ya mbele uzito wote unakuja kwa hizo shoki mbili.

Najua mtasema pesa iko wapi. Ni kweli, kijana wa stage analipa mkopo kila siku ama anampelekea mwenye pikipiki pesa ya siku, na akilala siku moja deni linapanda. Bima ya lazima ni ya mtu wa tatu, shoki zako hailipi. Ndiyo maana simlaumu huyo kijana kama ninavyomlaumu mwenye mali, yule anapiga simu saa kumi na mbili jioni kuuliza "umetuma?" na hajauliza kama mtu ameumia. Pikipiki ni yako, faida ni yako, hata bomba ni lako. Siku ya ajali usiitishe pesa. Lipa fundi apime, halafu ndio uulize mambo ya kutuma.

Na wewe abiria: mkiwa mnaenda moja kwa moja na usukani umekaa upande, mwambie asimame, ushuke.