Fundi wa Michezo Naye Ahitaji Somo

Siku moja baada ya Alasiri, bintiye ndugu yangu alinijia barazani. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akasema: "Ami, nataka kusomea kutengeneza michezo ya video." Kabla sijamjibu, mzee niliyekuwa nikicheza naye bao akaangua kicheko. "Mtoto wa kike na michezo, wapi na wapi!" Nami, nakiri, nilicheka. Msichana akainamisha kichwa akaenda zake.

Kicheko kile kimenikera tangu siku hiyo, maana tuliocheka tulikuwa wazee wazima wawili, tumeinamia mchezo tangu adhuhuri.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hudhani kazi hii ni ya wanaume tangu asili. La hasha! Carol Shaw, Mmarekani, aliajiriwa na kampuni ya Atari mwaka 1978 kutunga programu za michezo. Mwaka 1982, akiwa Activision, alitoa River Raid, mchezo wa ndege irukayo juu ya mto, ukauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Muriel Tramis, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, alitoa Freedom mwaka 1988, mchezo uhusuo watumwa wanaopigania uhuru wao. Sisi watu wa pwani twaujua uzito wa kisa hicho.

Basi akili wanawake wanayo. Hata hivyo, chama cha kimataifa cha watengenezaji michezo, IGDA, kilipowauliza mafundi mwaka 2005, wanawake walikuwa kama 12 tu katika kila 100 waliojibu. Mwaka 2021 walifika 30. Wameongezeka, lakini wanaoingia hawakai raha wote. Mwaka huo huo wa 2021 kampuni ya Riot Games ilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya wanawake waliodai kubaguliwa kazini kwa sababu ya jinsia yao.

Msichana akifikwa na mambo kama hayo, amwendee nani? Hapa ndipo ninapokumbuka mila zetu. Mwari hatolewi ndani akaachwa ajionee mwenyewe. Hupewa somo, mwanamke mzima aliyekwisha pita njia ile, amfunze yale yasiyosemwa hadharani. Kazi ya michezo nayo ina mambo yake ya ndani: kazi gani za kuonyesha unapoomba ajira, mshahara gani wa kudai, mkataba usomwe vipi, jina lako liandikwe vipi miongoni mwa waliouunda mchezo, na mkubwa akikuvunjia heshima umwambie nani. Hayo hayamo vitabuni. Yamo vifuani mwa waliotangulia.

Wenzetu wamelifahamu jambo hili. Shirika la Women in Games International lilianzishwa mwaka 2005 kuwaunganisha wanawake wa kazi hii. Mjini Montreal, Kanada, kikundi cha Pixelles huwashika mkono wanawake wakatengeneza mchezo wao wa kwanza. Na Laila Shabir, aliyelelewa katika Falme za Kiarabu kisha akasomea MIT huko Marekani, alianzisha kambi za Girls Make Games mwaka 2014, wasichana wakifunzwa kutunga michezo yao wenyewe. Hata Riyadh, mwaka 2012, wanawake wa Kisaudi waliandaa GCON, mkutano wa michezo ya video wa wanawake watupu. Stara haikuwazuia.

Najua watakaosema kuwa michezo hii hupoteza wakati wa sala, na mingine ina kamari na utupu. Wasemayo yana ukweli, nami sitabishana nao. Lakini watoto wetu wanaicheza simuni usiku na mchana, na aghalabu imetungwa na watu wasiotujua. Tukitaka mchezo wenye adabu, sharti awepo mwenye adabu wa kuutunga. Visa vya Abunuwasi vinangoja, na bao lenyewe lina hesabu ya kumtosha fundi yeyote.

Mombasa hatukosi pa kuanzia. Karibu na Fort Jesus ipo Swahilipot, wanapokutana vijana wa sanaa na kompyuta. Wapo pia mabinti zetu walioajiriwa kazi za kompyuta katika mabenki, bandarini na vyuoni. Wawili watatu kati yao wakijitolea mara moja kwa wiki, wasichana wakafunzwa na kurudi nyumbani kabla ya Magharibi, mzazi gani atanung'unika? Na kina mama wachezao upatu kununua vyombo na dhahabu, zamu moja wainunulie kompyuta.

Juzi nilimwita bintiye ndugu yangu, nikamwomba radhi kwa kicheko changu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Haya, Ami, nani atakayenifunza?"

Sikuwa na jibu, ndiyo maana nimeandika haya. Wewe mama, wewe dada unayeijua kazi hii, yupo mwari anakungoja. Jitokeze uwe somo wake.